Kazi za Mtandaoni Misunkumilo: Madai ya Kijiweni na Majibu Yake

Ukitaja kazi za mtandaoni Misunkumilo, au popote ndani ya Manispaa ya Mpanda, utakutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza atakucheka: hizo ni za vijana wa Dar waliosomea kompyuta, wewe kashike jembe. Wa pili atakuomba namba ya simu akuunge kwenye kundi la WhatsApp ambako watu wanaingiza hela wakiwa wamelala. Wanaonekana mahasimu, kumbe wanasaidiana bila kujua. Mtu akishamwamini wa kwanza kwamba kazi halali za mbali si za kwake, anabakiwa na zile za wa pili tu.

Madai yao nayajibu hapa moja moja. Machache hayastahili zaidi ya sentensi chache. Mengine yamebeba nusu ya ukweli, na hayo ndiyo yanayohitaji subira.

"Hizo ni kazi za watu wa IT."

Ingia steshenari yoyote mjini Mpanda wakati dirisha la mikopo ya elimu ya juu liko wazi. Utamkuta dada mmoja nyuma ya kompyuta anaskani vyeti, anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo kwa niaba ya mtoto wa mtu, anachapa barua ya kuomba kiwanja, anapakia maombi ya ajira serikalini, na bado anakumbuka nani kalipa na nani anadaiwa. Hakuna anayemwita mtaalamu wa teknolojia, na maishani mwake hajaandika mstari hata mmoja wa programu. Lakini kazi anayoifanya, ikivuka mpaka, ina jina na ina bei: kuingiza takwimu, kupanga nyaraka, kujaza maombi, usaidizi wa ofisi kwa mbali.

Upwork, soko kubwa la kazi za aina hii lililopata jina hilo mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kuungana, lina vitengo vizima vya tafsiri, uandishi, uhariri, utunzaji wa hesabu, huduma kwa wateja na ukarani. Waandishi wa programu ni kundi mojawapo humo. Malipo yao ni makubwa, sikatai, na ndiyo sababu habari zao zinafika hadi kijiweni kwetu huku za mhariri wa vitabu zikiishia njiani.

Halafu tazama watu walioko hapa hapa. Katibu wa AMCOS ya tumbaku anayeoanisha kilo, madaraja, bei na makato ya pembejeo msimu mzima anafanya kazi ya mtunza hesabu. Mwalimu mstaafu aliyesahihisha insha kwa miaka thelathini ana jicho la mhariri. Vijana waliokuwa makarani wa Sensa ya Agosti 2022 walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakauliza kila kaya maswali yaleyale kwa mpangilio uleule na kujaza majibu papo hapo. Mashirika ya utafiti yanalipia ujuzi huo. Karani wetu, alipoandika CV yake, aliweka "kazi ya muda, sensa" akaishia hapo.

Kompyuta inayohitajika ni ya kawaida: kuchapa bila kuitafuta herufi, kupanga jedwali la Excel, kutuma barua pepe yenye kiambatisho sahihi na jina la faili linaloeleweka, kufanya kazi na mtu mwingine ndani ya hati moja ya Google. Hayo ni ya wiki chache. Yanayochelewa ni kuyasoma maelekezo ya mteja hadi mstari wa mwisho kabla ya kuanza, na kuandika Kiingereza kisichomlazimu msomaji arudie sentensi. Hapo wengi hukwama, na hakuna kozi ya kompyuta itakayowakwamua.

"Lipia elfu hamsini ya usajili, kazi zinaanza kesho."

Wenye kumbukumbu ndefu hawajaisahau DECI. Watu "walipanda" fedha wakingoja "kuvuna", hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Wakati huo hapakuwa na simu janja mikononi mwa kila mtu. Mambo yalikwenda kwa madaftari na foleni. Mapema mwaka 2025 ikawa zamu ya LBL, yaani Leo Beneath London: unaweka fedha, unatazama matangazo kwenye simu, unaoneshwa salio linaloongezeka, unaalika wenzako. Polisi wakaanza kuwakamata waliotuhumiwa kuiendesha katika mikoa kadhaa. Miaka zaidi ya kumi na mitano imepita kati ya mbili hizo na kilichobadilika ni kioo tu.

Namna ya kuzitambua haihitaji utaalamu. Uliza: nani anatumia matokeo ya kazi yangu? Nikitafsiri dodoso, mtafiti anapata dodoso. Nikichapa mahojiano, mwandishi wa tasnifu anapata maandishi. Nikitazama tangazo mara ishirini kwa siku, au nikibonyeza "like" kwenye video za mtu nisiyemjua, nani kapata nini hata anilipe elfu kumi? Kama jibu halipo, basi fedha inayolipwa leo ni ya mtu aliyeingia jana, na wewe unangojewa ulipe ya mwenzako wa kesho.

Nusu ya ukweli iliyojificha hapa ni kwamba masoko halali nayo yanachukua chao. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo. Upwork hukata hadi asilimia 15, na juu ya hapo huuza vitokeni viitwavyo Connects, senti 15 za dola kila kimoja, unavyotumia unapoomba kazi. Preply, soko la walimu wa lugha, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya. Binafsi naliona hilo la Preply ni la ubahili, lakini limeandikwa wazi na unalisoma kabla hujajiunga. Karibu makato yote hayo yanakuja baada ya mteja kulipa. Connects ndizo pekee za kununua mbele, na ndizo zinazowamaliza wageni: mtu ananakili barua moja ya maombi, anaituma kwa wateja thelathini wa kazi tofauti, anaishiwa, analalamika kwamba mtandao ni utapeli.

Ishara moja ya mwisho, nayo haina ubaguzi ninaoujua. Ukiambiwa ulipe ili uweze kutoa fedha zako mwenyewe, iwe kwa jina la kodi, uhakiki au kupanda daraja, fedha hizo hazipo. Usiongeze hata mia.

"Kiswahili kila mtu anakijua, nani atakinunua?"

Kila mtu wa Mpanda anakijua, naam, ila mnunuzi hayupo Mpanda. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla UNESCO ilikuwa imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Hayo ni ya heshima na hayamlipi mtu. Malipo yanatoka mahali pengine. Marekani, kwa mfano, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali kuu zisimtenge mtu kwa sababu ya lugha yake. Wakimbizi wa Kongo wamepelekwa huko kwa maelfu, wengi wao wakiongea Kiswahili, na kwa hiyo barua za shule, fomu za kliniki na maelezo ya dawa lazima yatafsiriwe. Kampuni za simu na benki zinaweka menyu kwa Kiswahili. Watafiti wanaokuja kuuliza wakulima wetu maswali huandika dodoso kwa Kiingereza na kuliuliza kwa Kiswahili, kisha hurudisha majibu kwa Kiingereza. Kila hatua ina mtu anayelipwa.

Kuzaliwa na Kiswahili, hata hivyo, hakutoshi. Anayeandika "apa" badala ya "hapa" na "nimekura" badala ya "nimekula" atagunduliwa na mhariri ndani ya dakika moja, na mteja hatarudi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, huendesha mafunzo ya tafsiri, ukalimani na ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni, na lina kanzidata ya wataalamu wa lugha. Cheti chake kina uzito kwa mteja wa ndani na kwa balozi zinazotafuta wakalimani. Kwa upande wa kufundisha, soko la italki humpokea hata asiye na cheti cha ualimu katika kundi la wakufunzi wa mazungumzo. Kinachotakiwa ni uvumilivu na uwezo wa kumweleza Mjapani kwa nini tunasema "kitabu changu" lakini "rafiki yangu". Ukikosa maelezo hayo, mazungumzo matamu hayatamrudisha wiki ijayo.

Na hapa Katavi tuna mtaji ambao Dar hawana. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu na Katumba, jirani na Mpanda, na baadaye Mishamo. Oktoba 2014 wakazi 162,156 wa makazi hayo ya zamani walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Vijana wengi wa Katumba wamekulia Kirundi nyumbani na Kiswahili shuleni. Ndugu zao kadhaa walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na makambi ya Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma yamehifadhi Warundi wa kizazi kingine. Mtu anayeweza kusikiliza mahojiano ya Kirundi na kuyaandika kwa Kiswahili safi hapatikani kirahisi, na mashirika yanayofanya utafiti kambini yanamhitaji. Cha kushangaza, kijana huyo huyo akijaza fomu ataandika lugha mbili tu, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu kwa miaka mingi Kirundi kilikuwa kitu cha kunyamaziwa. Kisukuma nacho hivyo hivyo, Kifipa, Kiha. Viandike.

"Mteja lazima awe Mzungu."

Dai hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu limewafanya watu wengi waruke kazi iliyo karibu wakimbilie foleni ya dunia nzima. Ukiomba kazi ya kuchapa Upwork unashindana na Manila, Dhaka na Nairobi kwa wakati mmoja, ukiwa huna hata tathmini moja ya mteja. Ukimwandikia mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe au SUA ambaye ana mahojiano ishirini kwenye simu na msimamizi anayemfokea, unashindana na uvivu wake tu.

Chukua kazi hiyo ya kuyageuza mahojiano kuwa maandishi. Mazoea ya wanaoifanya ni kwamba saa moja ya sauti safi hudai karibu saa nne za kuchapa. Sauti iliyorekodiwa mnadani, kukiwa na jogoo na pikipiki, hudai sita. Kwa hiyo bei hupangwa kwa dakika ya sauti. Tuseme mmekubaliana shilingi 500 kwa dakika: mahojiano ya saa moja ni shilingi 30,000, na kama sauti ni safi umepata 7,500 kwa kila saa uliyokaa kitini. Sauti ikiwa mbovu unashuka hadi 5,000. Ndiyo maana kabla ya kukubali bei unaomba usikie dakika tano za mwanzo. Mteja akikataa kukupa, kuna sababu.

Wapo pia wachapishaji wanaohitaji wasoma prufu, wanasheria wanaohitaji mikataba ya Kiingereza iwekwe kwa Kiswahili, makanisa na mashirika yanayotafsiri vijitabu, kampuni zinazofanya tafiti kwa simu. Shirika la Twaweza limekuwa likiwapigia wananchi simu kwa ajili ya Sauti za Wananchi tangu mwaka 2013. Malipo ya wateja wa ndani huingia M-Pesa bila wakala wala kubadili dola, na mkigombana mnaongea lugha moja.

Mpanda yenyewe haijawahi kuishi kwa kumwona mteja uso kwa uso. Reli kutoka Kaliua ilivutwa hadi huku miaka ya 1940 ikiishia, kwa sababu kulikuwa na madini ya risasi ya kusafirisha, na tumbaku na asali yetu huvutwa na kuliwa na watu wasiojua Misunkumilo iko upande gani wa ramani. Tofauti ya mahojiano yaliyochapwa ni kwamba hayahitaji behewa.

Namna ya kumpata mteja wa ndani ni barua, na barua nyingi ninazooneshwa ni mbaya kwa namna moja: "Naomba kazi yoyote, niko tayari kujifunza." Yule mwanafunzi wa uzamili hana kazi yoyote, ana rekodi ishirini. Mwandikie: Habari, mimi ni fulani, naishi Mpanda, nachapa mahojiano ya Kiswahili, Kirundi na Kisukuma, bei yangu ni hii kwa dakika, narudisha kwa siku tatu, na nimeambatanisha ukurasa mmoja wa mfano. Mfano huo uutengeneze mwenyewe kutokana na kipindi cha redio, maana rekodi ya mteja mwingine ni siri yake. Mistari sita imetosha.

"Hela ya nje haifiki Mpanda."

Inafika, ila kwa njia ya kuzunguka, na ni vizuri kuijua kabla ya kazi ya kwanza. PayPal ndiyo inayowakwaza wengi: akaunti ya Tanzania inakuruhusu kulipa, lakini kupokea ndiko kwenye shida, wakati Mkenya amekuwa akiihamishia M-Pesa tangu mwaka 2018. Kwa hiyo tunatumia njia nyingine. Payoneer inafanya kazi Tanzania, imeunganishwa na Upwork na Fiverr, na kutoka hapo fedha huenda benki yako ya kawaida kwa shilingi. Wateja wadogo wanaweza kutuma kwa kampuni za kuhamisha fedha moja kwa moja hadi kwenye simu.

Piga hesabu nzima. Kazi ya dola 10 Fiverr inabaki dola 8 baada ya makato. Payoneer nao huchukua chao wakati wa kuhamisha, na akaunti yenye mapato madogo hutozwa pia ada ya mwaka, kwa hiyo ni busara kukusanya kwanza na kutoa mara chache. Kikwazo halisi cha Misunkumilo ni kitambulisho. Masoko haya hutaka picha ya kadi, na wapo wengi wenye namba ya NIDA wasio na kadi mkononi. Pasipoti ni shilingi 150,000. Leseni ya udereva mara nyingi inakubaliwa, na dereva bodaboda mwenye leseni halali yuko mbele ya mhitimu wa chuo katika hili.

"Simu yako inatosha", na pacha wake, "umeme na mtandao wa huku hauruhusu."

Ya kwanza inasemwa na anayetaka kukuuzia kozi. Simu inatosha kuwasiliana na mteja, kusikiliza rekodi, kufundisha mazungumzo. Kuchapa kurasa arobaini kwa kidole gumba haiwezekani kwa muda wa mteja. Kompyuta mpakato ya mtumba inayofungua Word na Excel inatosha, na asiye nayo akubaliane na mwenye steshenari kwa saa za jioni, baada ya wateja wa fotokopi kuondoka. Kwa kuanzia, napendelea hili la pili kuliko mkopo.

Kuhusu umeme na mtandao, wanaolalamika wana haki yao. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa na jenereta za dizeli wakati mikoa mingine iko kwenye gridi ya taifa, ndiyo sababu ukaja mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Mtandao nao una siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na nchi nzima ikapungua kasi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na mwenye kazi ya kukabidhi hakuwa hata na njia ya kumwarifu mteja. Lakini tazama: siku hizo aliyekaa Masaki jijini Dar alikwama sawasawa na aliyekaa Misunkumilo.

Siku za kawaida, kinacholiwa na kazi za maandishi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hati ya kurasa ishirini ni nyepesi kuliko video moja ya kuchekesha uliyotumiwa asubuhi na shemeji. Inayokula bando ni kufundisha kwa video, na mwenye mtandao wa kusuasua aanze na tafsiri. Pakua kazi yote mwanzoni, ifanye nje ya mtandao, ipandishe usiku. Mwambie mteja tangu siku ya kwanza kwamba umeme huku hukatika, na upange kukabidhi siku moja kabla ya mwisho. Na mkipanga saa, taja "asubuhi" au "jioni" na mji. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 au 11 jioni ya kwetu kulingana na majira yao, na mwenye kuchanganya saa tatu ya Kiswahili na ya Kiingereza hukosa mahojiano kwa saa sita kamili.

"Akili bandia imeshamaliza kazi zote."

Imemaliza baadhi. Tafsiri rahisi ya maelezo ya bidhaa, makala za kujaza tovuti, uchapaji wa Kiingereza safi: bei zake zimeporomoka na sioni zikirudi. Google imekuwa ikitafsiri Kiswahili tangu mwaka 2009, na Kirundi ikakiongeza mwaka 2024. Hata hivyo mpe mashine rekodi ya mama wa Mishamo anayechanganya Kirundi, Kiswahili na jina la mbolea, uone itakachoandika. Kazi nyingi sasa ni za kusahihisha ilichoandika mashine, na malipo yake ni madogo kuliko tafsiri kamili. Mteja wa leo anataka hilo, na inabidi umjue.

Zipo pia kazi za kuifundisha mashine yenyewe, kuweka alama kwenye picha na kupima majibu. Hizo ziogope kidogo. Januari 2023 jarida la TIME liliandika juu ya wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi waliokuwa wakichuja maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI kwa chini ya dola mbili kwa saa. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi za aina hiyo, ikaondoka Kenya ghafla, na walioishi kwa kazi zake wakaamka wamefungiwa. Zichukue kama nyongeza, usijenge nyumba juu yake.

"Nunua akaunti ya Mkenya", "waandikie Wazungu insha."

Akaunti ya kununua ni ya mtu mwingine, pamoja na fedha zilizomo. Siku soko likidai uhakiki wa sura, ni sura yake itakayodaiwa, na huna pa kushtaki. Ama insha, Kenya biashara hiyo ilivimba kwa miaka, mpaka mwaka 2022 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayofanya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa huko England. Kabla ya sheria ilikuwa udanganyifu vilevile, na mwandishi hawezi kuionesha kazi hiyo kwa mteja yeyote anayefuata. Miaka mitatu ya kuandika, na CV tupu.

"Ndani ya mwezi utaacha shamba."

Usiache. Mwezi wa kwanza huwa wa kutengeneza mifano, kuandika barua na kukataliwa. Anayeanza Novemba, mvua zikiwa zimefika, alime kwanza, achape usiku. Kipimo ninachokiamini cha kuanza kupunguza shamba ni mteja yule yule kurudi kwa mara ya tatu bila wewe kumwomba.

Na kwa wazazi wanaosema "hiyo si kazi, ni kuchezea simu", Mamlaka ya Mapato haikubaliani nao. Mkazi wa Tanzania hudaiwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje, na TIN hutolewa bure. Uwe nayo mapema, kabla mteja mkubwa hajaiomba, kwa sababu mashirika hayalipi bila hiyo, na yatakata kodi ya zuio kwenye malipo yako na kukupa hati. Hati hizo zitunze kwenye faili moja pamoja na mikataba na barua pepe za makubaliano. Afisa wa benki akikuuliza unafanya kazi gani, zitoe hizo.